Siti Mtunzi

Assalaam alaykum. Wazee wangu, mama zangu, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, nawashukuru kwa kuja.

Waliotualika wameniomba nizungumzie sauti ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, kabla hatujaisikiliza. Naomba radhi, ombi hilo nitalitimiza nusu. Sauti yake itajieleza yenyewe gramafoni ikishatiwa ufunguo. Mimi nimekuja kusemea maneno yake, kwa sababu naona tumemsifu Siti kwa koo lake mpaka tumekisahau kichwa chake.

Santuri hii mnayoiona mezani ilikuwa ya bibi yangu mzaa mama. Ni ya inchi kumi, nzito kama sahani ya udongo, na ukiidondosha inavunjika kama sahani ya udongo. Gramafoni ya bibi ilipokufa, santuri hii ikawa mfuniko wa mtungi wa maji, pale pembeni mwa baraza. Utoto wangu wote nikienda kuchota maji naifunua, nakunywa, naifunika. Katikati palikuwa na picha ya mbwa ametega sikio kwenye pembe, na kila mwaka mbwa yule akizidi kufifia kwa unyevu. Sikujua kwamba chini ya kata yangu kulikuwa na mtu anaimba.

Nilikuja kuisikia nimeshakuwa mwalimu, kwa gramafoni ya kuazima. Ina ufa mwembamba kama unywele. Inazunguka mara 78 kwa dakika, na kila mzunguko sindano inapita juu ya ufa: tik, tik, tik. Mtausikia mlio huo leo. Nyuma yake mtamsikia mwanamke anayetamka Kiswahili kwa makini sana, silabi kwa silabi, kama anayehesabu fedha mkononi mwa mtu.

Nayo mitungi ndiyo iliyomleta mjini. Siti alizaliwa Fumba, kusini mwa mji wa Unguja, karibu na mwaka 1880, wazazi wake wakiwa watu wenye asili ya bara. Akaitwa Mtumwa. Mama yake alikuwa mfinyanzi, naye akajifunza kufinyanga. Vyungu vikishachomwa na kupoa, alivibeba kwenda kuviuza, akiimba njiani ili walio ndani wajue kwamba mwenye vyungu anapita. Hakupelekwa shule, na kuandika hakufundishwa. Nawaomba mlishike hilo, maana nitalirudia: huyu mtu hakuacha daftari.

Mwaka 1911 alihamia mjini moja kwa moja. Huko alikutana na Ali Muhsin, mmoja wa watu wa Ikhwani Safaa, chama cha taarabu kilichoanzishwa mwaka 1905, naye akamfundisha kuimba kwa mpango na kutamka Kiarabu. Taarabu wakati ule ilikuwa bado inanukia udi wa ikulu. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeleta wanamuziki kutoka Misri na kumpeleka kijana wa hapa Cairo akajifunze kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi. Wimbo ulikuwa wa Kiarabu, mwimbaji mwanamume, msikilizaji bwana mkubwa. Kisha akaja mwanamke wa Fumba, akakaa katikati ya wapiga udi na fidla, na jina lake likawa Siti, yaani bibi mwenye heshima. Aliimba Kiarabu kwa masultani na matajiri, na akaimba Kiswahili kwa watu wote.

Mji haukumpokea kwa kumbatio. Alitungiwa wimbo wa kumvunja, nao tumeurithi hivi:

Siti binti Saad, kawa mtu lini?
Kaja mjini na kaniki chini,
Kama si sauti angekula nini?

Wanafunzi wangu, nyinyi hamjavaa kaniki. Kaniki ni shuka nyeusi, nguo rahisi, vazi la mtumwa na la mtu wa kazi ya jua. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, Siti akiwa na miaka kumi na saba hivi. Kwa hiyo mtu akikwambia umekuja mjini na kaniki, hatukani nguo. Anakwambia: sheria imebadilika, lakini sisi tunajua ulikotoka. Na huo mstari wa kwanza, "kawa mtu lini", mimi kila nikiusoma moyo unashtuka. Mtu anaulizwa tarehe aliyoanza kuwa mtu.

Siti akajibu:

Si hoja uzuri na sura jamali,
Kuwa mtukufu na jadi kubeli,
Hasara ya mtu kukosa akili.

Yaani uzuri wa sura si hoja, wala utukufu wa ukoo mkubwa si hoja. Aliyepata hasara ni aliyekosa akili. Sasa hesabuni pamoja nami kwa vidole, kama tunavyofanya darasani. Si-ho-ja-u-zu-ri, sita. Na-su-ra-ja-ma-li, sita. Ku-wa-m-tu-ku-fu, sita. Na-ja-di-ku-be-li, sita. Ha-sa-ra-ya-m-tu, sita. Ku-ko-sa-a-ki-li, sita. Hakuna mahali inapopwaya. Rudini kwenye tusi: ka-ja-m-ji-ni, tano. Kwa jinsi lilivyotufikia, tusi linachechemea kwenye mstari uleule wa kaniki. Jibu la mwanamke asiyejua kuandika limesimama wima, mizani kumi na mbili kila mstari, kina cha "li" kimefungwa mara tatu. Hakumtaja mtukanaji. Hakukana kaniki, hakudai ukoo, hakusema "hata mimi ni mzuri". Aliiacha mizani ile ya sura na nasaba na kuleta mizani yake, ya akili.

Sasa tazameni mstari wa tatu wa lile tusi. "Kama si sauti angekula nini?" Mtukanaji sauti alimkubalia. Alichomnyima ni vingine vyote. Na sisi, karibu miaka mia baadaye, tukisimama kwenye matamasha tukasema Siti alikuwa na sauti ya ajabu, sauti ya dhahabu, halafu tukaishia hapo, tunaurudia mstari wa tatu wa tusi lile huku tukidhani tunamsifu. Yeye mwenyewe alishatuambia tumtazame wapi. Alisema akili.

Nikisema hivi, wako watakaoniuliza: lakini nyimbo zile si zilitungwa na kundi zima? Swali ni la haki. Siti hakukaa peke yake. Alikuwa na Subeti bin Ambar, Buda bin Mwendo, Mbaruku kutoka Mombasa, na Maalim Shaaban; nao walikuwa wapiga ala, waimbaji na watunzi, na wana santuri zao kwa majina yao. Walikuwa wakikutana nyumbani kwa Siti, Ng'ambo, ng'ambo ya ule mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na mitaa ya watu wa kawaida. Pale habari za mji zilizungumzwa na nyimbo zikatoka humo.

Jibu langu liko ndani ya neno lenyewe. Lugha yetu haikumwita mtu huyu mwandishi wa nyimbo. Ilimwita mtunzi, na kutunga ni kazi ya uzi. Tunatunga ushanga, tunatunga samaki, tunatunga asumini za kikuba. Mmewaona kina mama jioni wanavyotunga kikuba: huyu kaleta asumini, yule mrehani, mtoto katumwa vilua kwa jirani. Maua yametoka nyua nne, lakini sindano iko mkononi mwa mmoja, naye ndiye anayeamua lipi liingie, lipi likae juu, na lipi limeshanyauka litupwe. Siti alishika sindano. Wenzake walileta maua, tena maua mazuri, na majina yao tuyataje kila tunapomtaja. Hilo halimwondolei utunzi.

Machi mwaka 1928 kampuni ya Gramophone, wenye lebo ya His Master's Voice, iliwapeleka Siti na wenzake Bombay kwenda kurekodi. Siti anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kutoa santuri. Kampuni ilikuwa inatafuta soko: gramafoni zilikuwa zimeshafika kwa wenye uwezo na kwenye mikahawa, lakini mtu akitaka kusikiliza kitu alikuta Kihindi na Kiarabu cha Misri. Kiswahili kilipofika dukani, watu walinunua. Kufikia mwaka 1931 zilikuwa zimeuzwa santuri za Kiswahili zaidi ya 70,000, katika nchi ambazo mwenye gramafoni alikuwa akihesabika mtaani. Safari nyingine za kurekodi zikafuata, kampuni nyingine zikaamka, na nyimbo za Siti na wenzake zilizoingia kwenye santuri zinahesabiwa kwa mamia. Mkahawa mmoja wenye gramafoni ulilisha mtaa mzima maneno.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu santuri ilimfanyia mtunzi jambo ambalo halisemwi sana. Upande mmoja wa santuri ya inchi kumi unabeba kama dakika tatu. Taarabu ya usiku haina dakika tatu. Mtu anainuka kumtunza mwimbaji, anarudi, ubeti unarudiwa kwa ajili yake, fidla inatembea, mwenye kisa anatazamana na mwenye kisa. Wimbo unaweza kuumeza usiku. Ukiambiwa sasa utie kitu hicho katika dakika tatu, mbele ya mashine, katika nchi ya ugenini ambako hakuna hata mmoja anayekwambia "rudia hapo", lazima ukate. Na anayejua kukata ni yule anayejua maneno yapi yanaubeba wimbo. Zile beti zilizoingia kwenye shelaki, yaani utomvu mgumu uliotengenezewa santuri, ni beti zilizochaguliwa. Ni uhariri, na uhariri ni kazi ya akili.

Tuchukue wimbo wa Kijiti. Wengi mnaujua kwa sauti ya Bi Kidude. Kisa chake kilitokea hapa Unguja. Mwanamke mgeni, mjamzito, alikuja kutoka Dar es Salaam, akachukuliwa matembezini na mtu aitwaye Kijiti, akauawa. Kijiti akatorokea bara. Wanawake waliokuwa na marehemu wakaenda kutoa ushahidi, na mahakama ya Mwingereza ikawatia hatiani wao, kwa kuwa pombe ya matembezi yale wao ndio walioinunua. Aliyeua yuko ng'ambo ya maji, waliosema wako jela.

Mtunzi anasemaje?

Kumchukua mgeni, kumchezesha foliti,
Kenda naye maguguni, kamrejesha maiti.

Mwaka mmoja mwanafunzi aliniuliza darasani foliti ni nini, akidhani kitabu kimekosea chapa. Foliti ni mchezo wa watoto, wa kukimbizana na kushikana. Mtunzi angeweza kusema alimdanganya, alimlaghai, alimvuta. Akachagua neno la uwanjani, neno la watoto wa jioni wenye vumbi miguuni, akaliweka mwisho wa mstari mahali pa kina, ili macho ya msikilizaji yaone mchezo. Kisha mstari unaofuata, kwenye kina kilekile cha "ti", akaweka maiti. Foliti, maiti. Toka kina kimoja hadi kingine ni mizani kumi na sita tu, na ndani yake mtu amekufa. Na jina la muuaji, Kijiti, nalo linaishia na "ti", kwa hiyo kila kina kinapogonga kinamgonga yeye. Nimefundisha ushairi miaka mingi, na sijapata mahali pengine pa kumwonyesha mwanafunzi kazi ya kina kwa uwazi kama hapa. Kina si pambo. Hapa kina ni kidole.

Na kidole hicho kinashangaza, kwa sababu taarabu ni nyumba ya fumbo. Siti huyuhuyu ndiye tunayempa wimbo wa Muhogo wa Jang'ombe, ambamo muhogo si muhogo, na methali ya kutotukana wakunga na uzazi ungalipo inatiwa kama pilipili, kila mmoja akajijua mwenyewe imemuwasha wapi. Jirani yako unamfumbia, kwa kuwa kesho mtakutana kisimani na lazima pabaki njia ya kusalimiana. Lakini kwenye Kijiti fumbo limewekwa kando. Muuaji katajwa, na hata jaji katajwa. Mtunzi alijua nani wa kufumbiwa na nani wa kutajwa. Mahakama ilipofunga mlango, wimbo ukafungua mwingine, na ukumbi wa mlango huo ukawa kila mkahawa wenye gramafoni. Wala si ajabu kwamba wasikilizaji walielewa. Mwaka uleule wa 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi kwa wenye viwanja, na serikali ikaijua Ng'ambo kwa namna nyingine. Sisemi Kijiti ulitungwa kwa ajili ya mgomo. Nasema mtu anayegombea kiwanja alichojengea banda lake anajua hakimu anasikiliza upande gani, na santuri hizi zilitoka katika nyumba za watu hao.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Kabla hajafa Shaaban Robert alimfuata, akakaa naye, akamuuliza, akaandika wasifu wake. Fikirini: mshairi mkubwa wa Kiswahili cha wakati ule anasafiri kwenda kumsikiliza mwanamke asiyeandika, anamshikia kalamu. Alimwendea kama fundi anavyomwendea fundi. Bila safari hiyo, maisha ya Siti kabla ya santuri yangebaki vipande. Bi Kidude, ambaye kama msichana alisogea nyumbani kwa Siti kusikiliza, alizibeba nyimbo zile kinywani mpaka alipofariki mwezi Aprili 2013, akazipeleka mpaka Ulaya na Asia. Na chama cha wanahabari wanawake Tanzania, TAMWA, kilipoanzisha jarida lake, kililiita Sauti ya Siti. Jina zuri, ingawa mnaona, ni sauti tena.

Basi kumbukumbu za mtunzi huyu zimegawanyika sehemu tatu: shelaki, karatasi ya Shaaban, na vinywa vya watu. Shelaki inavunjika. Nyingine zimetolewa upya Ulaya kwenye CD zenye vijitabu vizuri, nashukuru, lakini ukitaka kuzisikiliza Fumba alikozaliwa mwenyewe utahangaika. Lebo za wakati ule zilitaja mwimbaji na wimbo, mtunzi zikamwacha. Na desturi hiyo tumeirithi mpaka leo: wimbo ukipigwa redioni anatajwa aliyeimba, na mwenye maneno anakufa hatajwi. Hili linaniuma kwa watunzi wote walio hai ambao nyimbo zao tunacheza harusini bila kujua wanakaa mtaa gani.

Vinywa navyo vinabadilisha. Nina matini tatu za Kijiti, kila moja nimeiandika kwa mzee tofauti, na hazilingani. Katika moja ubeti wa mashahidi uko mbele, katika nyingine uko mwisho, katika ya tatu haupo kabisa. Zamani nilikuwa natafuta iliyo sahihi. Siku hizi naziandika zote, kila moja na jina la aliyenipa akiridhia, na mahali alipojifunzia. Ndivyo nilivyowapa kazi wanafunzi hawa waliosimama nyuma. Wana simu mfukoni zinazorekodi saa nzima, si dakika tatu. Kila mmoja amepewa mzee mmoja na wimbo mmoja, na ameambiwa asisahihishe hata neno moja analolisikia, hata likimpotea maana. Foliti ingesahihishwa, leo tusingekuwa nayo.

Tulipokuwa tunaingia, bibi huyu aliyekaa safu ya kwanza, mwenye mtandio wa kijani, alinishika mkono akaniambia kwamba mama yake alikuwa akiuimba wimbo ulio kwenye santuri hii wakati wa kupepeta mchele, na kwamba ulikuwa na ubeti mmoja zaidi, baada ya pale santuri inapokwisha. Nimemwomba, naye amekubali. Tutausikiliza upande huu mpaka sindano ifike kwenye lebo, tusipige makofi, kisha bibi ataendelea pale Siti alipokatishwa. Kijana, tia ufunguo.